Makoti Matatu Meupe: Tathmini ya Ibada ya Ukumbusho katika Chuo Kimoja cha Kisumu

Binti wa kaka yangu anasomea uuguzi katika chuo kimoja hapa Kisumu, na muhula huu darasa lao lilipoteza wanafunzi watatu kwa mkupuo mmoja, matatu waliyokuwa wakirudia chuoni baada ya likizo fupi ilipogongana na lori. Mmoja wao alikuwa akilala kitanda cha juu katika chumba cha mpwa wangu. Siku nne baadaye nilipata ujumbe wake: "Shangazi, Jumatano kuna ibada yao. Sitaki kukaa peke yangu." Nilifunga duka saa nane, nikapanda boda boda hadi langoni, na haya ninayoyaandika ni tathmini ya ibada hiyo kama nilivyoiona tangu mwanzo hadi watu walipotawanyika. Nayaandika kwa sababu vyuo vya magharibi mwa Kenya ni vingi, barabara zetu ni zile zile, na kasisi yeyote wa chuo anaweza kuamka kesho akatakiwa kuandaa ibada ya namna hii kwa siku mbili tu. Sitataja jina la chuo wala la mtu, kwa kuwa ziko familia tatu ambazo msiba wao bado ni mbichi.

Kwanza nieleze kwa nini ibada kama hii si jambo la ziada. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwao, katika boma la wazazi wake, na hata akifia mbali namna gani mwili hurudishwa. Kati ya vijana hawa, mmoja alizikwa Siaya, wa pili Vihiga na wa tatu Bungoma, na mazishi mawili yaliangukia Jumamosi moja. Chuo kilitoa basi moja kwa kila safari. Ukiwahesabu wanadarasa, wanakwaya, waliocheza nao mpira na waliopika nao ugali kwenye jiko moja la hosteli, utaona kwamba wengi hawangepata kiti, na waliopata iliwabidi kuchagua ni rafiki yupi wamsindikize na yupi wamwache. Kwa aliyebaki bwenini, zile saa mbili za Jumatano ndizo mazishi yote aliyoyapata. Hii ndiyo sababu nimekuwa mkali pale ambapo saa hizo zilitumiwa ovyo.

Siku ilichaguliwa vizuri. Ibada ya Jumamosi ingewafungia nje Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi sana upande huu wa Nyanza, na ibada ya baada ya mazishi ingewakuta wanafunzi tayari wamesimama makaburini wakiwa hawajapata mahali pa kulia pamoja. Kasisi wa chuo ni Mwanglikana. Padri wa parokia jirani ndiye aliyesoma Injili, na maombi yaliongozwa na vijana wa umoja wa wanafunzi Wakristo. Mwanzoni kabisa kasisi alitamka wazi kwamba hii ni ibada ya Kikristo na itaendeshwa hivyo, kwamba Waislamu na wengine waliokuja kwa ajili ya marafiki zao wamekaribishwa kwa moyo mmoja, na kwamba hakuna atakayewataka waseme neno wasiloliamini. Mbele yangu walikaa mabinti wanne wenye hijabu, na hawakuondoka mpaka mwisho. Nimehudhuria mikutano ya maombolezo ambayo waandaaji, kwa kuogopa kumkwaza yeyote, waliondoa kila neno lenye uzito, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Hapa kila mmoja alijua ameingia wapi, na ndani ya uwazi huo watu walitulia.

Jeneza halikuwapo, na mahali ambapo jeneza hukaa wenzao walipanga viti vitatu vya darasani, juu ya kila kiti koti jeupe la mazoezi ya hospitalini. Nilisogea kuyatazama kabla ibada haijaanza. La kwanza lilikuwa limepigwa pasi hadi mkunjo wa mkono umesimama. La pili lilikuwa na doa la wino wa buluu chini ya mfuko wa kifuani, pale kalamu ilipovuja, na ilionekana mtu amelifikicha kwa sabuni mara nyingi doa likakataa kutoka. La tatu lilikuwa na jina ndani ya ukosi, kwa herufi kubwa, kwa sababu makoti hupotea kwenye kamba za hosteli. Mpwa wangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jina hilo aliliandika yeye, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa mwenzake alidai mwandiko wake mwenyewe haufai. Kando ya kila kiti uliwaka mshumaa, na kwa vile madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi na upepo wa ziwani huamka alasiri, mshumaa wa katikati ulizimika mara mbili. Mara ya pili mvulana mmoja mrefu alitoka safu ya mbele, akauwasha, akapiga magoti na kuukinga kwa viganja vyake hadi nyimbo mbili zikaisha, na hakuna aliyemwambia arudi kitini.

Majina yalisomwa kamili, yote matatu matatu, kama wazazi walivyoyatoa. Nililiona hilo kwa sababu katika shughuli nyingi za vyuo jina la Kijaluo au la Kiluhya hutamkwa kana kwamba ni mfupa umekwama kooni. Kasisi alikuwa amezipigia simu familia zote tatu siku moja kabla ili asikie kutoka kwa mama wenyewe jinsi majina yanavyotamkwa, na pia aulize kila mama angependa mwanawe akumbukwe kwa jambo gani. Basi tulisikia kwamba mmoja alikuwa akiwatumia wadogo zake vitabu vyake vya zamani kwa wakala wa matatu, kwamba wa pili hakuwahi kukosa ibada ya alfajiri ingawa alichukia kuamka mapema, na kwamba wa tatu alikuwa na deni la kumfundisha bibi yake kutumia simu mpya. Hayo matatu yalitosha. Wasifu mrefu unaosomwa haraka haungefanya kazi hiyo.

Kilichofuata ndicho kilichonigusa kuliko vyote, nacho hakikuwa na neno hata moja. Kasisi alitukumbusha kwamba marafiki wa Ayubu walipomwona jinsi alivyoteseka walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno lolote, na kwamba walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza maana ya mateso yake. "Wao walikaa siku saba," alisema, "nasi tujaribu dakika saba." Kisha akashuka jukwaani, akaketi kwenye ngazi pamoja na wanafunzi, akainamisha kichwa.

Dakika saba ni muda mrefu kwa ukumbi wenye vijana mia kadhaa. Dakika ya kwanza watu walikohoa na viti vikalia. Ya tatu nilisikia kilio cha kwanza kutoka upande wa wavulana, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa siku nne, na baada yake vikafuata vingine, na wahudumu walikuwa wameelekezwa wasimkimbilie mtu yeyote wala kumtoa nje isipokuwa ameishiwa nguvu. Bibi yangu alikuwa wa Marafiki, yaani Wakweka, kanisa ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambalo limeenea nyumba kwa nyumba huko kwetu Vihiga. Ibada zao za leo zina nyimbo na mahubiri kama za wengine, lakini kule kukaa kimya mbele za Mungu hawajakuacha kabisa, na nilipokuwa mtoto nilidhani bibi amelala. Jumatano ile nilielewa kwamba hakuwa amelala.

Zaburi iliyosomwa ilikuwa ya 13, ile inayoanza kwa kumuuliza Bwana hata lini atatusahau. Iliongozwa na wanafunzi watatu, mmoja kwa Kiswahili, mmoja kwa Kijaluo na mmoja kwa Kilogoli, lugha tatu ambazo marehemu walizungumza na mama zao. Zaburi hiyo ina mistari sita tu, na minne ya kwanza ni malalamiko na kusihi. Tumaini huingia katika mstari wa tano. Wasomaji walikuwa wameombwa wanyamaze kidogo kabla ya mstari huo wa tano, na katika kila lugha walinyamaza kweli. Wengi wetu tumezoea kuona tumaini likiletwa haraka msibani, kama mtu anayefunga jeraha bila kulisafisha. Hapa tulipewa nafasi ya kuuliza kwanza, kwa maneno ya Biblia yenyewe, na vijana wanaosomea kuwatibu watu waliambiwa kwa matendo kwamba kuuliza si ukosefu wa imani.

Mahubiri yalichukua dakika kumi na mbili, nami nina hakika kwa sababu nilitazama saa ya ukutani, si kwa kuchoka bali kwa kushangaa jinsi mengi yalivyoingia katika muda mfupi. Yalitoka Yohana 11. Kasisi alionyesha kwamba Martha na Maria, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu maneno yale yale ya lawama, kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, na kwamba hakumkemea hata mmoja wao. Kisha akatuuliza kwa nini Yesu alilia ilhali alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita Lazaro atoke kaburini. Jibu lake lilikuwa kwamba ufufuo hauyafanyi machozi kuwa ya bure, na kwamba aliye na tumaini kuu kuliko wote ndiye aliyelia mbele za watu bila kujificha. Aliligeukia kundi la wavulana waliokaa pamoja nyuma na kulirudia jambo hilo polepole. Nikiwa mama wa wavulana wawili, nilimshukuru moyoni.

Aliwakumbusha pia kuhusu Garissa, na hapo nilihofia kidogo, maana jina hilo lina uzito wake. Wanafunzi waliokuwa mbele yake walikuwa watoto wa shule ya msingi tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi iliyotangulia Ijumaa Kuu, wakati watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika chuo kikuu cha Garissa, baadhi yao wakiwa kwenye maombi ya alfajiri. Mimi naikumbuka juma ile vizuri: miili ilipelekwa Nairobi, wazazi wakakusanyika uwanja wa Nyayo kutafuta habari za watoto wao, na kutoka huko majeneza yakasambaa nchi nzima, mengine yakaja huku kwetu magharibi. Chuo hicho wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na wengi wa walionusurika waliendelea na masomo Eldoret. Kasisi hakufananisha ajali ya barabarani na mauaji yale, jambo ambalo lingekuwa kosa. Alisema tu kwamba kabla yao walikuwapo wanafunzi wengine waliorudi darasani wakakuta viti vitupu, na kwamba masomo ya Garissa yalirejea mwezi Januari 2016, baada ya miezi tisa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mwanafunzi wa hapa, baada ya juma moja, kwamba sasa imetosha. Mpwa wangu aliyanukuu maneno hayo nyuma ya karatasi ya ratiba.

Kuhusu uimbaji nitasema kwa kifupi kwamba ulikuwa mzuri na ulipangwa na mtu anayejua makanisa yetu. Waanglikana na wengi wa Wapentekoste wamekulia kwenye Tenzi za Rohoni, Waadventista wana Nyimbo za Kristo, Wakatoliki wana zao, na ukichagua wimbo kutoka kitabu kimoja bila kufikiri, theluthi ya ukumbi hukaa bubu. Nyimbo nne zilizochaguliwa zilijulikana na karibu wote, na maneno yalichapishwa kwenye ratiba. Mpiga kinanda alipiga kwa sauti ya chini, na wimbo wa mwisho aliuacha uimbwe kwa sauti tupu.

Sasa niseme yaliyoharibika, na la kwanza ni salamu za wageni. Ratiba ilitaja salamu za rambirambi za dakika tano. Zilichukua karibu dakika arobaini. Walisimama wageni sita, kila mmoja akianza kwa kutaja itifaki yote kuanzia meza kuu hadi walinzi, mmoja akiwa ametumwa na mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, na huyo akatumia muda wake kueleza miradi ya barabara. Vijana waliokuwa wametoka katika kimya kile kizito walianza kutoa simu mifukoni, na sikuwalaumu. Ni mgeni mmoja wao ambaye, kwa nia njema naamini, alituambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba Mungu huchuma ua lililo zuri kuliko yote bustanini. Maneno haya tumeyasikia katika kila matanga tangu utotoni na tunayasema bila kuyapima. Lakini niliketi karibu na msichana ambaye rafiki yake alikufa katika matatu iliyogongana na lori, na nilimwona akikaza mataya. Ajali ni ajali. Kuna dereva, kuna mwendo, kuna barabara na kuna sheria isiyofuatwa, na kumvika Mungu jambo hilo mbele ya watoto wenye uchungu ni kuwafundisha kumwogopa pasipo sababu. Kasisi alikuwa ametumia dakika kumi na mbili kujenga kitu ambacho sentensi hiyo moja ilikaribia kukibomoa. Ushauri wangu kwa ofisi yoyote ya kasisi ni kwamba salamu zisomwe na mtu mmoja, zikiwa zimeandikwa na kukusanywa mapema, na wageni wote wakubwa watajwe mara moja tu na kushukuriwa wakiwa wamekaa.

La pili ni kamera. Kampuni iliyokodishwa kurusha ibada moja kwa moja kwenye mtandao ilifanya jambo la maana kwa familia zilizokuwa mbali, na nasikia mama wa Bungoma alifuatilia yote kwenye simu ya jirani. Hata hivyo, mpiga picha alizunguka katikati ya safu wakati wa kile kimya, akisogeza lenzi hadi kwenye nyuso za wasichana waliokuwa wakilia, na picha hizo zilikuwa tayari zinazunguka kwenye makundi ya simu kabla chai haijapoa. Kamera moja iliyosimama nyuma, ikielekea mbele, ingetosha. Spika nazo ziliwekwa sauti ya mkutano wa hadhara, na maombi yakatufikia kama matangazo ya sokoni.

Kuna pia suala la mchango. Mara tu baada ya maombi, mwenyekiti wa kamati alisimama na kuomba fedha za kusaidia gharama za mazishi, vikapu vikapita, na majina ya waliotoa kiasi kikubwa yakatajwa. Kuchangiana ni wajibu wetu na hakuna anayeupinga. Familia moja ilihitaji sana msaada wa kusafirisha mwili. Nilitoa nami. Lakini mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa serikali hapaswi kutiwa haya mbele ya koti la rafiki yake. Kikapu kingekaa mlangoni, na namba ya kuchangia ingechapishwa kwenye ratiba.

Nirudi kwenye mema, kwa kuwa sehemu ya mwisho ilipangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Baada ya baraka hakuna aliyeruhusiwa kutawanyika akiwa na tumbo tupu. Nje, chini ya miti, palikuwa na chai ya maziwa kwenye mabirika makubwa, mandazi na mikate iliyokatwa, na wafanyakazi wa jikoni, ambao nao waliwajua marehemu kwa sura na kwa vyakula walivyovipenda, walipakua huku wakilia. Vijana walikaa vikundi vikundi hadi giza likaingia. Hapo ndipo niliposikia vicheko vya kwanza, mtu akikumbuka jinsi mmoja wao alivyozimia siku ya kwanza ya kuona damu. Kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi walikuwapo washauri nasaha wawili, mlango ukiwa upande usioonekana na umati, na mwanafunzi aliweza kuandika namba yake tu bila jina. Wawili ni wachache mno kwa chuo kizima. Lakini nyuma ya ratiba ilichapishwa pia namba ya simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ambayo mtu huweza kuipiga bila malipo akiwa na dhiki ya moyo, pamoja na tangazo kwamba ofisi ya kasisi itakuwa wazi kila Jumatano jioni hadi muhula uishe.

Nimesubiri majuma matatu kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka kuona kama tangazo hilo lilikuwa la kweli. Jumatano iliyopita nilipita huko bila kumwarifu mtu. Mlango ulikuwa wazi, wanafunzi tisa walikuwa wameketi kwenye mabenchi ndani, na kasisi alikuwa akimwaga chai mwenyewe. Nilimuuliza kuhusu makoti. Alisema kila familia ilikabidhiwa lake siku ya mazishi, na kwamba mama wa lile koti lenye doa aliomba mtu yeyote asijaribu tena kulifua.

Kuhusu kile kitanda cha juu, ofisi ya malazi ilitaka kumweka mwanafunzi mwingine baada ya siku kumi, kwa kuwa nafasi ni adimu. Mpwa wangu hakujua amwambie nani. Ni kasisi aliyekwenda kuongea nao, akaomba kitanda kisipewe mtu mpaka muhula mpya, na wakakubali. Kwa hiyo godoro bado liko pale, limekunjwa na kufungwa kwa leso yake ya kijani, na mpwa wangu ndiye atakayesema siku ya kulishusha.